Mtaa Hufufuliwa Kuanzia Chini

Oktoba 1997, makumbusho ya Guggenheim yalifunguliwa kando ya mto Nervión jijini Bilbao, Hispania, na picha za kuta zake za metali ya titani zikazunguka dunia. Tangu hapo mameya wengi wametamani jengo la aina hiyo, wakiamini kwamba umbo moja la kushangaza laweza kuuinua mji uliochoka. Kinachosahaulika ni mfuatano wa kazi. Mradi mkubwa wa kukusanya na kusafisha maji taka yaliyokuwa yakimwagwa mtoni ulikuwa unaendelea tangu miaka ya 1980. Shughuli za bandari zilikuwa zinahamishwa kutoka katikati ya mji kwenda karibu na bahari. Treni ya chini ya ardhi ilianza kubeba abiria mwaka 1995. Makumbusho yalipandwa kwenye udongo uliokwisha kulimwa, na miji iliyonunua mbegu bila kulima imebaki na majengo ya kupigia picha, yenye mitaa mitupu pembeni.

Kulima huko kuna hesabu zake: mitaro, upana wa njia, idadi ya milango, kimo cha orofa ya chini, na mkataba wa mpangaji. Ni mambo madogo yanayofanya kazi kwa pamoja. Moja likikosekana, mengine hulegea.

Hesabu kabla ya kuchora

Mitaa iliyodorora haina ugonjwa mmoja. Kuna mtaa uliokimbiwa kwa sababu kiwanda kilichowaajiri watu wake kimefungwa. Kuna uliojaa watu hadi pomoni lakini hauna mitaro. Kuna uliokatwa vipande viwili na barabara kuu. Dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine, ndiyo maana uchunguzi hutangulia michoro.

Uchunguzi wenyewe ni wa miguu na daftari. Chagua vituo vitano hadi vinane. Katika kila kituo, hesabu wanaopita kwa dakika 10 ndani ya kila saa, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, kisha zidisha kwa 6 ili kupata makadirio ya saa nzima. Fanya hivyo siku moja ya kazi na siku moja ya mapumziko, hali ya hewa ikiwa ya kawaida. Watenganishe wanawake, watoto, wazee na wenye viti vya magurudumu. Idadi ya wanawake na wazee ikiporomoka mara jua linapozama ilhali ya vijana wa kiume haijabadilika, tatizo ni mwanga au kona zilizojificha, na hakuna ramani itakayokuonyesha hilo. Kisha, kila baada ya saa mbili, pita mtaa mzima ukiweka alama kwenye ramani: nani amesimama, nani ameketi, nani anauza, watoto wanacheza wapi. Ukikuta watu wameketi juu ya ukuta wa mtaro huku benchi zilizo mita 30 tu kutoka hapo ziko tupu, umepata somo la kivuli, upepo au mandhari bila kumlipa mshauri yeyote.

Zoezi la mwisho ni la milango na umiliki. Kwa kila mita 100 za mbele ya majengo, andika idadi ya milango inayotumika, urefu wa kuta zisizo na dirisha, viwanja vitupu na majengo yaliyofungwa. Mbele ya kila moja andika mwenye mali, mpangaji, na kama kuna kesi. Kiwanja kinachogombewa na warithi kinaweza kukaa tupu miaka na mikaka, na mchoro unaokitegemea nao utakaa kabatini.

Mita tano za mwanzo

Mpita njia haoni jengo zima. Macho yake hutembea kwenye orofa ya chini, kimo cha mita nne au tano, na hapo ndipo mtaa unapoishi au kufa. Mtu atembeaye mwendo wa kawaida, kilomita 5 kwa saa, hupita karibu mita 80 kwa dakika. Milango ikiwa kila baada ya mita 6, hukutana na kitu kipya kila sekunde nne au tano. Ukuta mtupu wa mita 80 humpa dakika nzima ya kutoona chochote, na dakika hiyo ikirudiwa mara mbili, kesho atapita njia nyingine. Jan Gehl, msanifu wa Denmark aliyetumia miongo akihesabu watu mitaani, aliweka mbele za majengo zenye vipande 15 hadi 20 (duka au mlango mmoja mmoja) kwa mita 100 kwenye daraja la juu kabisa la uhai.

Kwa mchoraji, maana yake ni hii. Hata jengo likiwa la mmiliki mmoja, orofa ya chini igawanywe katika fremu zenye upana wa mita 5 hadi 7, kila moja na mlango wake wa barabarani. Kimo kutoka sakafu hadi sakafu kiwe mita 4 hadi 4.5, ili chumba kinachokaliwa leo kiweze kuwa karakana kesho na zahanati keshokutwa. Ukijenga orofa ya chini kwa kimo cha mita 2.8 umelifunga jengo hilo kwenye matumizi ya aina moja kwa maisha yake yote, na kuvunja slabu ya zege baadaye ni gharama ambayo hakuna mwenye nyumba atakayeikubali. Mlango wa duka uwe usawa mmoja na njia, tofauti isizidi sentimita 2. Chumba cha kulala kilicho mtaani, kwa upande mwingine, kinahitaji kuinuliwa sentimita 45 hadi 60, jicho la mpita njia lisichungulie ndani, na mbele yake kiwe na kibaraza chenye kina cha mita 1.5 hivi: kina cha kutosha kuweka kiti na mtu akapita. Hapo lazima pia pawepo njia ya mteremko kwa anayeshindwa ngazi, kwa uwiano usiozidi 1 kwa 12. Sentimita 60 za kupanda zinadai zaidi ya mita 7 za mteremko, hesabu inayosahaulika hadi siku ya kumimina zege.

Madirisha ya maduka yachukue asilimia 60 hadi 70 ya ukuta kati ya kimo cha sentimita 60 na mita 2.4. Mageti ya kukunja ya chuma kizima huua mtaa kila jioni. Mageti ya wavu yanayofungwa nyuma ya kioo hulinda mali vilevile, na huacha mwanga wa ndani umwagike nje.

Adui mkubwa wa orofa ya chini ni gari lililosimama. Eneo la kuegesha gari moja, pamoja na nafasi ya kugeuzia, hula mita za mraba 25 hadi 30. Kanuni ikidai nafasi nne kwa kila mita 100 za mraba za duka, maegesho yatalingana na duka lenyewe au kulizidi. Kwenye viwanja vidogo vya mitaa mikongwe haiwezekani kutimiza sharti hilo bila kubomoa jirani, ndiyo maana majengo mazuri hubaki yamefungwa: sheria haimruhusu mtu kuyafungua. Buffalo, katika jimbo la New York, ilifuta masharti ya kima cha chini cha maegesho mwaka 2017. Kwa mtaa mkongwe, hatua ya namna hiyo huweza kuleta matunda mengi kuliko ruzuku, nayo haigharimu saruji hata mfuko mmoja.

Njia, bloku na kona

Chukua kilomita moja ya mraba. Ukiigawa kwa barabara zilizo umbali wa mita 100, utapata makutano takribani 100. Ukizisogeza hadi mita 200, makutano yanabaki 25. Idadi ya njia za kufika mahali nayo huporomoka, na kila kona inayopotea ni kona moja pungufu ya kufungulia biashara. Bloku (vipande vya majengo vilivyozungukwa na barabara pande zote) alizozipanga mhandisi Ildefons Cerdà huko Barcelona mwaka 1859 zina upande wa mita 113, na nyingi zimetenganishwa na barabara za mita 20. Bloku za katikati ya Portland, Oregon, zina upande wa mita 61 tu, na kuzitembea ni raha.

Mitaa inayohitaji kufufuliwa mara nyingi imezingirwa na mabloku makubwa: kiwanda cha zamani, karakana ya reli, kambi, ukuta wa mita 400 bila upenyo. Tiba ni kutoboa vichochoro vyenye upana wa mita 4 hadi 6. Hapa kuna masharti mawili yasiyokwepeka. Kichochoro kiwe kimenyooka, anayeingia aone anapotokea, na kiwe na milango au madirisha yanayokitazama. Kilichopinda katikati ya kuta mbili tupu kitageuka jaa au maficho ndani ya msimu mmoja, na wakazi watakiziba wenyewe kwa matofali. Watakuwa na haki.

Kuhusu mwendo wa magari, hesabu ndogo inatosha. Dereva anayeendesha kilomita 30 kwa saa huenda mita 8.3 kwa sekunde. Tuseme anahitaji sekunde moja kushtuka na barabara ni kavu: gari litasimama baada ya mita 13 hivi. Anayeendesha kilomita 50 hupita karibu mita 14 katika sekunde ile ya kushtuka peke yake, na husimama kwenye mita 28. Mtoto akijitokeza mita 13 mbele, gari la kwanza linasimama miguuni pake, la pili linampiga kabla breki hazijaguswa. Kibao cha kikomo hakitoshi kumshawishi dereva, kwa kuwa yeye hutii umbo la barabara. Punguza njia ya gari kutoka mita 3.5 hadi 3 (mabasi yakiwa mengi, acha 3.25). Punguza nusu kipenyo cha mpindo wa ukingo kwenye kona kutoka mita 10 hadi 3 au 4, na kwa tendo hilo moja unapata faida mbili: gari hulazimika kupinda polepole, na umbali wa kuvuka unafupika kwa mita kadhaa. Malori ya zimamoto ndiyo hoja inayotolewa kila mara dhidi ya kona kali. Lijaribu lori lenyewe kwa koni na chaki barabarani, mbele ya maofisa wa zimamoto, kabla ya kubishana kwenye karatasi.

Njia ya waenda kwa miguu ina mikanda mitatu, na kosa la kawaida ni kuichanganya. Mkanda wa ukutani, nusu mita, ni wa bidhaa na milango. Wa katikati, usiopungua mita 1.8, ni wa kupita tu, viti viwili vya magurudumu vipishane. Wa ukingoni, mita 1.2 hadi 1.5, ni wa miti, nguzo za taa, benchi na wachuuzi. Nguzo moja ikiwekwa katikati ya mkanda wa pili imefuta kazi yote.

Barcelona ilikwenda mbali zaidi. Katika mtaa wa Poblenou, mwaka 2016, bloku tisa ziliunganishwa kuwa moja, magari ya kupita yakapelekwa pembezoni, na ndani yakabaki ya wakazi kwa mwendo wa polepole. Wazo lilikuwa sahihi, utekelezaji ukawa wa ghafla: watu waliamka wakakuta njia zimefungwa na hakuna kilichowekwa mahali pake, nao wakaandamana. Utulivu ulikuja baada ya kuongezwa miti, benchi na viwanja vya michezo. Nafasi inayochukuliwa kutoka kwa gari ijazwe siku hiyo hiyo.

Maji, kisha mawe ya kutandika

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Matofali ya kutandika hupigwa picha, mabomba hayapigwi, kwa hiyo mwanasiasa hutaka matofali kwanza. Baada ya miezi minane bomba la maji taka linapasuka, mtaa unafukuliwa, na mafundi wanarudisha matofali yakiwa na mawimbi. Mfuatano sahihi huanzia kwenye kina kirefu: maji taka, mitaro ya mvua, maji safi (juu ya bomba la maji taka na mbali nalo), nyaya, na mwisho uso wa njia. Kwenye kila kivuko zika mabomba mawili matatu matupu ya milimita 110, yakiwa yamezibwa ncha. Gharama yake ni ndogo sana, na siku nyaya mpya zikija hakuna atakayefukua tena. Bomba la maji taka la milimita 150 linahitaji mteremko wa karibu 1 kwa 100. Likilazwa karibu na ubapa, maji hutambaa na uchafu hutuama. Chemba ziwekwe kwenye kila kona na kila badiliko la mteremko, vinginevyo fimbo ya kuzibua haitafika.

Kisha mvua. Milimita 50 zikinyesha juu ya hekta moja ni mita za ujazo 500 za maji. Mapaa na lami vitamwaga karibu asilimia 90 ya hayo, yaani mita 450, ilhali ardhi yenye nyasi na udongo mlegevu ingemwaga kama 100 tu. Tofauti ni mita za ujazo 350, nayo ndiyo inayoingia nyumbani kwa watu wa bondeni. Bustani ya mvua iliyozama sentimita 20 inashika lita 200 kwa kila mita ya mraba. Matofali yenye nafasi za kupitisha maji, yakiwa juu ya kokoto za kina cha sentimita 30 ambazo theluthi moja na kidogo ni uwazi, yanashika kama lita 105. Bustani za mita za mraba 600 pamoja na matofali ya aina hiyo mita 1,500 huchukua karibu mita za ujazo 278. Zilizobaki, kama 72, ni za matangi ya paa na mtaro wa kawaida. Hakuna kifaa kimoja kinachomaliza kazi, na anayekuuzia kimoja hajafanya hesabu. Tena, matofali hayo huziba kwa mchanga laini: yasipofagiliwa na kufyonzwa mara kwa mara, yanageuka sakafu ya kawaida. Na usipenyeze maji karibu na msingi wa nyumba kongwe, acha mita 5 au weka karatasi ya kuzuia.

Jakarta ilianza mwaka 1969 mpango wa kuboresha makazi duni kwa vijia vya zege, mitaro, mabomba ya maji na vyoo, huku nyumba nyingi zikiachwa palepale zilipo. Wakazi wenyewe, walipoona hawabomolewi na maji hayaingii ndani tena, wakaanza kubadilisha kuta na mapaa kwa fedha zao. Uhakika wa kubaki, ukichanganyika na mtaro unaofanya kazi, huchokoza uwekezaji ambao hakuna bajeti ya serikali ingeweza kuulipia.

Miti nayo ina hesabu inayodharauliwa. Shimo la mita moja kila upande lina mita moja ya ujazo ya udongo. Mti wa kivuli unaokua hadi kimo chake unahitaji kama 20 hadi 30. Ndiyo sababu miti ya mitaani hudumaa au hufa, na inayopona huinua matofali: mizizi inatafuta hewa na maji chini ya njia iliyoshindiliwa. Chimba handaki refu badala ya mashimo. Upana wa mita 1.8, kina cha sentimita 90, urefu wa mita 15 hutoa mita za ujazo 24, zinazotosha mti mmoja wa aina hiyo, na likirefushwa miti inaweza kugawana udongo, juu yake ukiweka sakafu inayobebwa na vihimili au mchanganyiko wa mawe na udongo, ambamo mawe hubeba uzito na udongo ulio kati yake haushindiliwi. Taa nazo ziwe za mtu anayetembea: nguzo za mita 4 hadi 6, kila baada ya mita 20 hivi, chini ya matawi. Nguzo za mita 12 humwangazia dereva, na zikifunikwa na majani humwachia mpita njia giza lenye madoa.

Msongamano na mnara ni vitu viwili

Wengi huamini kwamba kuongeza wakazi ni lazima kujenga minara. Hesabu inakataa. Kwenye hekta moja, jengo la orofa 4 linalofunika nusu ya kiwanja lina mita za mraba 20,000 za sakafu. Mnara wa orofa 20 unaofunika sehemu moja ya kumi una mita 20,000 zile zile. Tofauti ni kwamba jengo fupi lililozunguka ua lina mamia ya mita za ukuta unaogusa barabara, na mama aliye orofa ya nne anaweza kumwita mtoto uani. Mnara una mlango mmoja, na kuuzunguka kuna uwanja ambao hakuna anayejua ni wa nani.

Pruitt-Igoe, mjini St. Louis, Marekani, ni mfano unaotajwa mno na kueleweka vibaya. Majengo 33 ya orofa 11, yaliyosanifiwa na Minoru Yamasaki, yalikamilika katikati ya miaka ya 1950. Kuyabomoa kulianza 1972 na kumalizika 1976. Lawama nyingi zimetupiwa usanifu, na kweli lifti zilizosimama orofa chache tu, zikiwalazimisha watu kupita ngazi zenye giza, zilikuwa kosa. Lakini matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji. Jiji lilipoanza kupoteza watu, vyumba vikabaki vitupu, kodi ikapungua, lifti zikakwama, na kila aliyeweza kuondoka akaondoka. Mchoro mbaya ulisaidia kuua, lakini bajeti ya matengenezo ndiyo iliyokata pumzi.

Majengo ya zamani

Nyumba kongwe ni mtaji, ila hazisamehe mzaha. Swali la kwanza ni uzito. Sakafu ya makazi husanifiwa kubeba kilonyutoni 1.5 hadi 2 kwa mita ya mraba, takribani kilo 150 hadi 200. Duka linadai 4, na ghala au rafu za vitabu zaidi ya hapo. Kugeuza chumba cha orofa ya kwanza kuwa stoo ya vitabu bila kumwita mhandisi ni kuzidisha mzigo mara mbili, tatu au zaidi juu ya boriti ambazo huenda mchwa wameshazila.

Ufa wenyewe hauogopeshi. Kinachoogopesha ni ufa unaokua. Bandika kipande cha kioo au plasta ya jasi juu yake, andika tarehe, tazama miezi kadhaa ya kiangazi na masika. Kioo kikibaki kizima, ufa ni wa zamani na utazibwa. Kikipasuka, msingi unatembea, na kupaka rangi ni kuficha maradhi.

Ukuta wa mawe au matofali laini uliojengwa kwa chokaa hunywa unyevu na kuupumua. Ukiupaka plasta ya saruji, unyevu unafungwa ndani, unapanda juu zaidi, na chumvi zake zinapokauka nyuma ya plasta hulimega jiwe hadi ukuta uachie vipande. Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliowekwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na huko ukarabati wa saruji ni tishio linalofahamika vizuri. Plasta sahihi ni chokaa moja kwa mchanga mkali tatu, tabaka za milimita 10 hivi, kila tabaka likinyunyiziwa maji na kufunikwa dhidi ya jua kwa siku kadhaa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya kaboni, taratibu, na fundi anayeharakishwa na mkataba wa wiki sita ataiharibu. Andika muda huo kwenye mkataba tangu mwanzo.

Majengo ya zege ya karne iliyopita yana shida nyingine. Zege likizeeka hupoteza ualkali uliokuwa ukilinda nondo. Toboa, nyunyizia fenolfthaleini, kemikali inayobadilika rangi penye ualkali: penye zambarau pako salama, pasipobadilika rangi nondo iko hatarini. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana zege hupasuka kwa kufuata mstari wa nondo. Kuziba nyufa hizo kwa saruji bila kusafisha kutu nyuma ya nondo ni kazi ya mwaka mmoja.

Ofisi zilizoachwa zinapogeuzwa makazi, kikwazo kikuu ni kina cha jengo, yaani umbali kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma. Mwanga wa dirisha hufika ndani takribani mara mbili hadi mbili na nusu ya kimo cha juu cha dirisha, yaani mita 6 au 7. Jengo lenye kina cha mita 12 hadi 14 hugawanyika vyema, na upepo hupita. Lenye mita 25 lina kiini cha giza: ama ulitoboe ua katikati, ama kiini hicho kiwe stoo, mabafu na ngazi. Anayechora vyumba vya kulala humo anachora nyumba zisizokalika.

Nani atabaki

Mradi ukifaulu, ardhi hupanda thamani, na mpangaji ndiye wa kwanza kuilipia thamani hiyo. Seoul iliondoa barabara ya juu kuanzia 2003 na kuufungua tena mto Cheonggyecheon, kilomita 5.8, mwaka 2005. Watu walipata mahali pa kupumzika, wachuuzi waliokuwa pale wakahamishwa, na maji mengi ya mto huo hadi leo yanapandishwa kwa pampu kutoka mto Han. Bustani ya High Line jijini New York, iliyofunguliwa 2009 juu ya reli iliyoachwa, ilifuatiwa na majengo ya kifahari pande zote mbili. Kinga lazima iwekwe kabla ya tangazo, kwa sababu walanguzi husoma tangazo siku hiyo hiyo. Hatimiliki au mikataba ya muda mrefu itolewe kwanza. Nyumba mbadala zijengwe kwenye kiwanja kitupu ndani ya mtaa wenyewe, familia zihamie mara moja tu, kisha kiwanja chao ndicho kijengwe. Njia nyingine ni amana ya ardhi ya jamii: chombo cha wakazi humiliki ardhi, kaya humiliki nyumba zilizo juu yake, na bei ya kuuza inadhibitiwa na mkataba. Wakazi wa pembezoni mwa mfereji wa Martín Peña, San Juan, Puerto Rico, walitumia njia hiyo ili kusafishwa kwa mfereji wao kusigeuke sababu ya kuwafukuza.

Huko Iquique, Chile, kampuni ya Elemental ya msanifu Alejandro Aravena ilipewa mwaka 2003 jukumu la kuzijengea familia takribani 100 kwenye nusu hekta waliyokuwa wakiishi. Fedha hazikutosha nyumba kamili. Walijenga nusu iliyo ngumu kwa mtu wa kawaida: kuta za kubeba, paa, jiko, bafu, ngazi. Nusu ya pili iliachwa wazi, familia ziijenge zenyewe. Mgawanyo huo wa kazi wafaa kuigwa: taasisi ibebe yanayohitaji mhandisi, mkazi abebe anayoyaweza.

Jaribio, na fagio

Kabla ya zege, tumia rangi, vyungu na viti vya kuhamishika kwa miezi mitatu hadi sita. New York ilifunga sehemu ya barabara ya Broadway pale Times Square mwaka 2009 kwa viti vya kukunja, na ujenzi wa kudumu ukafuata baadaye. Jaribio linakuonyesha lori la taka linakwama wapi na watu wanavuta viti kuelekea upande gani. Liwe na tarehe ya mwisho iliyotangazwa na kipimo kilichokubaliwa, la sivyo kila upande utadai umeshinda.

Mkataba wa ujenzi usisainiwe bila kiambatisho cha matunzo: nani anafagia, nani anazibua chemba kabla ya masika, nani anamwagilia miti miaka mitatu ya mwanzo, matofali ya akiba mangapi yamehifadhiwa na wapi. Medellín, Kolombia, ilifanya mengi kwa usahihi: ilipeleka gari la kamba, linaloning'inia kwenye waya, vilimani mwaka 2004, ikaboresha vijia na madaraja kuzunguka vituo vyake. Hata hivyo maktaba yake maarufu ya España, iliyofunguliwa 2007, ilifungwa baadaye kwa kasoro za ujenzi. 

Baada ya mwaka, rudi kwenye vituo vilevile, saa zilezile, na daftari lilelile. Linganisha hasa saa za baada ya magharibi, safu ya wanawake na safu ya wazee. Kisha chukua ile orodha ya wapangaji ya siku ya kwanza, piga hodi mlango kwa mlango, na uweke alama mbele ya kila jina ambalo bado lipo.